Kiraka cha Ijumaa

Ukipokea barua ya ofisini iliyochapwa na katibu muhtasi aliyeisomea kazi yake, tazama chini kabisa, pembeni kushoto. Utakuta herufi kubwa za aliyesaini, mstari wa mshazari, kisha herufi ndogo za aliyechapa. Hakuna anayezitazama. Watu hutazama saini, hutazama muhuri, wakaikunja barua na kuitia mfukoni. Kwa miaka ishirini na sita Flaviana Kasiani alikuwa zile herufi ndogo. CM/fk, ndivyo zilivyosomeka siku hizi, na CM alikuwa Mwalimu Castory Mbena, mkuu wa shule. Kabla yake zilipita herufi kubwa za wakuu wengine watatu. Walikuja, wakahamishwa, wakastaafu. Yeye fk alibaki pale pale chini.

Alizaliwa Dutumi kwa wazazi wakulima, akapelekwa Tabora kusomea uhazili, akarudi na cheti na vidole vyenye kasi ya kutisha. Sekondari moja ya Kibaha ikamwajiri, naye akajenga nyumba yake Sofu, tofali juu ya tofali, akasomesha watoto wawili bila kumsumbua mtu. Alikuwa mwanamke wa utaratibu. Kalamu zake zilikuwa na mahali pake, na ole wako uazime mashine ya kubania karatasi ukasahau kuirudisha. Moyoni alikuwa na hamu moja ambayo hakumwambia mtu yeyote isipokuwa rafiki yake Hamisa: kabla hajastaafu, aone jina lake zima, herufi kwa herufi, juu ya kazi aliyoifanya mwenyewe.

Sasa, Ijumaa.

Shule ilitumia programu ya bure ya kupanga ratiba, inayoandikwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Unaingiza walimu, madarasa na vipindi, unabonyeza, inakupangia. Ilifanya kazi vizuri kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Ubovu wake ni kwamba iliamini siku zote zinafanana. Walioiandika, Mungu awabariki, hawakuwahi kusoma mahali ambapo Ijumaa saa sita na nusu kengele inagongwa, Waislamu wanakwenda msikitini, wenzao wanakaa kwenye vipindi vya dini, na hakuna somo mpaka saa nane. Programu haikuwa hata na sehemu ya kuiambia jambo hilo. Basi kila muhula Flaviana aliisogeza Ijumaa kwa mkono, kisanduku kimoja baada ya kingine, na pamoja na umakini wake wote, mwalimu mmoja alijikuta yumo madarasa mawili kwa wakati mmoja. Mara nyingi alikuwa Mwalimu Yahya wa Fizikia.

"Dada Flaviana," alisema Yahya siku moja, ratiba mkononi, "Ijumaa kipindi cha sita niko Kidato cha Tatu, na hapo hapo niko Kidato cha Nne. Nijigawe? Kichwa kiende huku, miguu ibaki kule?"

"Samahani, Mwalimu. Narekebisha."

"Kila muhula unarekebisha, dada yangu."

Hilo lilimchoma. Ratiba ikitoka vizuri ilikuwa ratiba ya shule, ikiharibika ilikuwa ratiba ya Flaviana. Kumbe jina lake walilijua wote, ila walilitunza kwa ajili ya makosa.

Aliyemfungua macho ni Mwalimu Latifu wa kompyuta, wiki chache kabla hajahamishiwa Katavi. Alimweleza kwamba programu ya namna ile haikufungwa. Mtu yeyote anaweza kuingia ndani, kusoma ilivyoandikwa na kuibadilisha. "Ni maandishi tu haya, dada," alisema. "Na maandishi si ndiyo kazi yako?" Akamwachia kitabu, akaondoka.

Flaviana alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikisoma kitabu kile mchana, kati ya barua na barua, kwa miaka miwili. Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Kuna siku aliigusa programu mahali pasipoguswa, nayo ikawapangia walimu wote thelathini na wanne Kidato cha Kwanza A, Jumatatu asubuhi, shule nzima iliyobaki ikiwa haina mtu. Alifuta akaanza upya. Hatimaye, Jumanne moja saa tano, alibonyeza, na safu ya Ijumaa ikajipanga yenyewe: vipindi vya asubuhi, nafasi ya swala, vipindi viwili vya mwisho, na Yahya yuko mahali pamoja kama binadamu wengine. Flaviana aliinuka, akafunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, akacheza kama yuko kwenye sherehe ya kipaimara.

Wa kwanza kupewa habari alikuwa Hamisa. Walilala chumba kimoja Tabora, na sasa Hamisa alikuwa katibu muhtasi wa sekondari moja kule Kisarawe, ambako Ijumaa ina uzito kuliko hata Kibaha. Flaviana alimtumia ile programu aliyoibadilisha, na kwa muhula mmoja makatibu wawili walikula raha. Kisha likatoka toleo jipya la programu. Hamisa aliliingiza kwenye kompyuta yake, na asubuhi ile ile akapiga simu.

"Shoga yangu, Ijumaa yako imefutika yote."

"Imefutikaje?"

"Toleo jipya limekuja na yao ya zamani, na ya kwako limeipiga chini. Sikiliza, Flavi. Dawa ni moja. Wapelekee wenyewe huko huko waitie ndani, ili kila toleo litoke nayo. La sivyo tutakuwa tunateka maji kwa pakacha."

Kwenye programu zile, badiliko halipelekwi kwa kubisha hodi. Unaandaa kiraka, yaani faili dogo linaloonyesha mistari gani itolewe na mistari gani itiwe, unalituma kwa barua pepe, na wenye programu wanalisoma hadharani kabla ya kulikubali. Flaviana alisoma maelezo hayo, akafurahi. Barua! Nani angemfundisha yeye barua?

Akaandika kumbukumbu namba. Akaandika YAH: MAREKEBISHO YA RATIBA KWA SIKU YA IJUMAA. Akaandika "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", yote kwa Kiingereza chake cha uhazili kilichonyooka kama rula. Akachapa kurasa nne za msimbo, yaani ile mistari ya programu aliyoibadilisha, akazibana, akapiga muhuri wa shule kila ukurasa maana barua isiyo na muhuri ni uvumi, akaskani zote, akatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili kutoka kwa msimamizi wa programu, mama mmoja wa Estonia. "Nina miaka kumi na mitano katika kazi hii," aliandika, "na sijawahi kuletewa kiraka chenye muhuri. Ni mzuri mno, nimeuchapa na kuubandika ukutani. Tatizo ni moja: hiyo ni picha, na kompyuta yangu haiwezi kuichomeka picha kwenye programu. Iache Git ikuandalie."

Flaviana alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akaona haya, halafu akavuta kiti karibu. Git ni programu inayotunza historia ya maandishi: nani kabadili nini, lini, na kwa sababu gani. Aliiweka kwenye kompyuta, akaisajilia badiliko lake, kisha akaipa amri ya kutengeneza kiraka, format-patch. Likazaliwa faili moja, na alipolifungua alitulia akilitazama kwa mshangao. Juu lilikuwa na jina la mwandishi. Chini yake tarehe. Kisha kichwa cha habari, kifupi, mstari mmoja. Kisha maelezo ya kwa nini. Kisha vistari vitatu, na chini ya vistari hivyo palikuwa na nafasi ya kusema maneno ya pembeni, salamu na shukrani, ambayo msomaji atayaona lakini hayataingia kwenye historia. Mwisho kabisa msimbo wenyewe, mistari inayotoka ikiwa na alama ya kutoa, inayoingia ikiwa na alama ya kujumlisha. Ilikuwa barua kamili, na ilikuwa na utaratibu kuliko barua nyingi alizowahi kuchapa. Aliandika salamu zake chini ya vistari vitatu, akamwuliza yule mama hali ya familia, na safari hii hakubandika kitu wala kuskani. Aliiacha Git itume yenyewe, maandishi matupu, mstari usivunjike.

Ila kulikuwa na jambo moja, na hapa ndipo ninapotamani ningekuwapo nimshike mkono. Git ilipowekwa iliuliza jina. Flaviana hakufikiri hata kidogo. Kompyuta ni ya ofisi, na barua inayotoka ofisini hutoka kwa jina la mkuu wa ofisi. Hakuna aliyemlazimisha. Vidole vilijiendea vyenyewe kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, vikaandika: Castory Mbena.

Kwa hiyo jibu lilipokuja lilianza hivi: "Ndugu Castory, hongera, kazi safi sana. Nitaijaribu wiki hii."

Aliichapa barua hiyo, maana ndiyo kazi yake, akampelekea mkuu. Mwalimu Castory hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kanisani, aliyepata kuona ofisi nyingi na kuamini kwamba zote zinakwenda kwa njia moja. Aliisoma mara mbili.

"Wanasema nimefanya kazi safi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Ofisi imefanya kazi safi."

"Ndiyo, Mkuu."

Siku hiyo hiyo mchana, kwenye kikao cha walimu, mkuu alisimama akatangaza kwamba ofisi yake imetengeneza kitu kitakachotumika dunia nzima. Walimu wakapiga makofi. Yahya alipiga kuliko wote, maskini, akimtazama mkuu kwa shukrani. Na katibu wa kikao alikuwa nani? Flaviana Kasiani alishika kalamu akaandika kwenye muhtasari, kwa mwandiko wake mzuri: Mkuu wa Shule alipongezwa kwa ubunifu. Alipofika chooni ndipo alipolia.

Jioni Hamisa alipiga simu kutoka Kisarawe. Alikuwa ameifungua orodha ya barua za programu ile.

"Flavi, huyu Castory ni nani? Mbona jina lako silioni?"

"Ni mkuu wangu. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu wa nani? Alikaa na wewe mchana kusoma kitabu? We, nguo ya kuazima haisitiri maungo, na wewe yako umeivua mwenyewe ukamvisha mtu! Miaka yote unaniimbia jina, jina, leo limekuja mlangoni umelifungia nje." Akashusha sauti. "Nimekasirika, shoga. Si kwa ajili yake. Kwa ajili yako."

Alhamisi asubuhi ikaingia barua nyingine kutoka Estonia. Yule mama alikuwa amekijaribu kiraka, na alikuwa na mambo mawili. La kwanza: siku ikiwa na vipindi vichache kuliko nyingine, programu bado ilipanga kipindi kimoja baada ya shule kufungwa. Kwa nini? Kitengenezwe, kiletwe toleo la pili kabla ya saa kumi jioni ya leo kwa saa za kwenu, maana toleo jipya linafungwa. La pili: "Naomba uhakikishe jina. Likishaingia kwenye historia, halifutiki."

Flaviana aliisoma akiwa amesimama. Halifutiki. Aliichapa barua pamoja na kiraka, akagonga mlango wa mkuu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Karibu."

"Wana swali kuhusu kiraka. Na mimi nina ombi." Aliona bora aseme kabla ulimi haujakauka. "Naomba kiende kwa jina langu."

Mwalimu Castory aliweka kalamu chini. "Barua hutoka kwa mkuu wa ofisi, Flaviana. Wewe ndiye unayejua hilo kuliko mtu yeyote hapa."

"Najua, Mkuu. Kosa ni langu, niliandika jina lako kwa mazoea. Lakini hii haiulizi ofisi ya nani. Inauliza nani ameandika."

"Na kile nilichowaambia walimu?"

Flaviana aliiweka ile karatasi mezani mbele yake. "Wanauliza kwa nini kipindi kinaangukia baada ya shule kufungwa. Wanasubiri jibu la mwandishi, Mkuu. Nikuachie?"

Haikuwa kejeli. Au tuseme ilikuwa, lakini kwa adabu. Mkuu aliinamia karatasi, akatazama alama za kutoa na kujumlisha kutoka juu hadi chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Niache nifikiri," alisema.

Flaviana akatoka. Ilikuwa saa nne. Alikaa kwenye kiti chake akangoja mpaka saa tano, na mlango wa mkuu haukufunguka. Ndipo alipokasirika, na hasira ilimfaa. Alifungua msimbo, akaanza kulitafuta kosa. Alilipata saa saba kasoro robo: alikuwa ameipa kila siku saa zake, lakini akasahau kuipa hesabu yake ya vipindi, kwa hiyo Ijumaa iliendelea kuazima hesabu ya Alhamisi. Mistari mitatu tu. Akaitia. Akampigia Hamisa ambaye shule yake Ijumaa ina vipindi sita, akamtumia ajaribu, naye Hamisa akajibu baada ya robo saa: "Inakaa! Ijumaa ya Kisarawe imekaa!"

Kikabaki kitu kimoja. Akaiambia Git kwamba mwandishi amebadilika. Iliuliza jina, kama ilivyouliza siku ya kwanza, na safari hii vidole vilivyokuwa na kasi ya kutisha vilikwenda polepole, herufi moja moja, kama vya mtoto wa darasa la kwanza. Flaviana Kasiani. Akatengeneza kiraka toleo la pili, akakisoma chote kutoka jina hadi mstari wa mwisho. Chini ya vistari vitatu aliandika: "Jina la kwanza lilikosewa. Aliyeandika ni mimi." Saa nane na dakika kumi akatuma.

Saa tisa na nusu likaja jibu. Lilikuwa na mistari miwili. "Kimekubaliwa, kimeingia. Karibu, Flaviana. Sasa najua muhuri ule ulipigwa na nani."

Alifungua historia ya programu. Kati ya majina ya Wareno na Wajapani na Wabrazili, juu kabisa, jipya kuliko yote, lilikuwapo jina la binti wa Dutumi, lote, kwa herufi kubwa panapostahili. Alipiga kigelegele. Katibu muhtasi wa miaka ishirini na sita, ofisini, saa za kazi, alipiga kigelegele mpaka Kidato cha Pili wakachungulia madirishani. Yahya alikuja mbio akidhani kuna msiba. Alipoonyeshwa kioo cha kompyuta alisoma, akamgeukia Flaviana, akasoma tena.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Na mimi nilimpigia makofi nani?" alisema Yahya, akaanza kupiga makofi upya, peke yake, pale pale mlangoni.

Jumatatu asubuhi ikaja barua kutoka mkoani: wamesikia habari za ratiba, wanaomba mwandishi atoe maelekezo kwa maandishi, yasambazwe kwenye sekondari nyingine za Kibaha na Kisarawe. Mwalimu Castory alitoka nayo chumbani kwake, akasimama mbele ya meza ya Flaviana, akakohoa.

"Kikao kijacho tutasahihisha muhtasari," alisema. "Nitasahihisha mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu." Akaiweka barua mezani. "Na hii wanataka mwandishi aijibu."

"Sawa, Mkuu. Nitaichapa." Akasogeza kiti kuelekea kompyuta.

"Hapana. Toka hapo. Kaa kule." Alimwonyesha kiti cha wageni. "Wewe sema, mimi nitachapa."

Flaviana alidhani anatania. Hakuwa anatania. Mkuu wa shule alikaa kwenye kiti cha katibu, magoti yakigonga meza, akanyoosha vidole viwili. Flaviana akaanza kusema, na mkuu akaanza kutafuta herufi moja baada ya nyingine, tok, tok, akiuliza ritifaa ya kwenye ng' iko wapi. Barua ya ukurasa mmoja ilichukua saa nzima na robo. Ilipofika mwisho aliandika, bila kuambiwa, mahali pa saini: Flaviana Kasiani. Kisha akashuka chini kabisa, pembeni kushoto, akatafuta tena, akaandika FK, mstari wa mshazari, na herufi mbili ndogo: cm.

Akaichapa, akampa kwa mikono miwili.

Flaviana aliisoma polepole, akaitazama ile sehemu ya chini kwa muda mrefu. Kisha akafanya alichojua kufanya. Akachukua kalamu nyekundu mahali pake, akazungushia maneno matatu, akamrudishia.

"Kuna makosa matatu, Mkuu," alisema. "Irudie."

Mwalimu Castory aliyatazama makosa yake, akavuta kiti, akairudia.